Ganzi ya Ukunda na Taya Langu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku Diani joto ni kali, na wali wa nazi na mchuzi wa pweza vimejaa mezani, lakini mimi nanywa uji kwa mrija. Juzi jino liliniuma, nikaenda kung'olewa kwa daktari mmoja wa Ukunda, mtu mpole, akanichoma ganzi mara mbili. Kulipokucha taya halikufunguka hata kidole kipite.

Na asubuhi hiyo ndiyo niliyotakiwa kuwaeleza madaktari, katika mkutano ulionileta huku, utafiti wangu wa miaka sita: kwamba ganzi ikiingia ndani ya msuli, huzizuia seli zake kurudisha kalsiamu kwenye ghala lake ndani ya seli, na msuli uliobakiwa na kalsiamu hukaza, hauwezi kulegea. Niliyasema hayo yote meno yamebanana.

Mwenyekiti akaniomba, "Dokta, tafadhali fungua mdomo kidogo, hatukusikii."

Nikaonyesha shavu langu. "Siwezi. Ndiyo mada yenyewe."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami machozi yakanilenga.

Mtu mmoja wa nyuma akanyanyua mkono. Alikuwa ni yule daktari wangu wa meno! "Niwie radhi sana, dada. Sasa huo utafiti unasemaje kuhusu tiba?"

Nikakiri kuwa hausemi kitu.

"Basi jikande kwa maji ya moto," akasema kwa upole, "na usizungumze siku tatu."

Ndiyo maana nimekuandikia badala ya kukupigia simu. Nakubusu mikono yote miwili, Mama. Mungu akuweke.

Mwanao,
Mwanaisha