Papa, Elie Alianza Kuvuta

Papa,

Elie alianza kuvuta sigara. Nakuambia hilo kabla hata ya salamu, maana tangu nilipomkuta nayo nyuma ya nyumba sikuwa na mtu wa kumwambia. Mama angeanguka. Elie alikuwa ameishika kama wewe, moto ukielekea ndani ya kiganja, na nilipomuuliza, mimi dada yake mkubwa, akasema, "Yaya, inatoa vumbi kifuani."

Maneno yako, Papa. Yaleyale.

Hujui kwamba mwanao alichukua nafasi yako. Hata matanga hayajapoa, bosi wa karakana alikuja hapa Kyebando, akamwambia Mama kwamba mashine yako haina mtu na Elie ana mikono ya baba yake. Mama alishukuru. Nami nilishukuru. Tungekataaje? Vitenge vyangu vilikuwa haviuziki, na mwenye nyumba hangoji mtu amalize kulia.

Basi Elie akawa anakata graniti pale ulipokuwa ukikata wewe. Jioni alikuwa akirudi mweupe mpaka kope, na Mama akilikung'uta koti lake nje, amegeuza uso pembeni, kama alivyolikung'uta lako miaka yote ile.

Nakumbuka siku uliyonipeleka Luzira, kwenye ile nyumba ya kando ya ziwa, nikaone meza ya jikoni uliyoikata. Uliushika mkono wangu ukaupitisha juu ya lile jiwe jeusi. "Sikia, Furaha. Hakuna hata mkwaruzo." Nilijivuna, Papa, kana kwamba nyumba ni yetu. Wakati wa kurudi kilima kikakushinda. Ulisimama, ukashika ukuta wa watu, ukasema ni uzee. Hukuwa mzee.

Zikaja zile dawa za kifua kikuu, ukazimeza mpaka mkojo ukawa mwekundu, na kikohozi hakikusikia. Kila daktari alikuuliza kama unavuta, ukasema ndiyo, akatikisa kichwa akaandika. Ni yule mama daktari wa mwisho tu aliyekuuliza, "Mzee, unafanya kazi gani?" Ulipomjibu aliweka kalamu chini. Kisha akatueleza kwamba vumbi la mawe peke yake linaweza kuleta kansa ya mapafu, na sigara peke yake pia, na vikikutana ndani ya mtu mmoja hatari inakuwa kubwa zaidi. Ulitazama dirishani. "Mbona hakuna aliyeniambia?" Hukumuuliza kwa hasira. Ndiyo maana bado nalisikia swali lile.

Kaburini bosi alisimama akasema, "Sigara imetunyang'anya fundi." Watu wakaitikia. Vumbi hakuna aliyelitaja, na kesho yake mashine zikawashwa.

Lakini Mathias, Papa. Rafiki yako wa karakana, Mathias mlokole, ambaye hajagusa sigara tangu azaliwe, aliyekuwa akikusukuma mbali, wewe na pakiti yako, kila mapumziko. Siku hizi haongozi nyimbo kanisani. Anakaa mbele pale pale, midomo inacheza, sauti haitoki. Jumapili moja nilimwangalia mabega yanavyopanda akitafuta pumzi, nikakuona wewe.

Kesho yake nilikwenda karakana. Ule mpira wa maji wa kulowesha jiwe wakati wa kukata umefungwa kwa waya juu ya ukuta, eti matope yanachafua uwanja na wateja hawapendi. Nilimwomba bosi aufungue. Hakunifukuza. Alinikaribisha kiti. "Nyabo, bibi, sisi hapa tunapatia wao maziwa kila siku. Maziwa inasafisha kifua." Naye anaamini kabisa, Papa. Aliinua kikombe chake mwenyewe, akanywa, akaanza kukohoa, akakohoa mpaka nikainuka kumshika.

Hapo niliogopa kuliko siku uliyokufa.

Nilimpeleka Elie kwa yule yule daktari. Njia nzima alikuwa ananicheka, yeye ana nguvu, anabeba jiwe ambalo watu wawili wanaliacha. Daktari akaiweka picha ya kifua kwenye mwanga, akatuonyesha vidoa vidogo huku juu, kama mtu amerusha mchanga. Si kansa, alisema. Ni makovu ya vumbi, hayafutiki, na yanaweza kuongezeka hata akiacha kazi. Aache vumbi, aache na sigara. Elie akauliza kwa sauti ya mtoto, "Nikiacha moja?"

"Ukiacha moja, nyingine inabaki kukula."

Tulirudi kwa miguu hadi Wandegeya. Pale akatoa pakiti mfukoni, akaikunja, akaitupa mtaroni. Jumatatu hakwenda kazini. Sasa tunauza vitenge pamoja, anawatania wateja, hata nguo zinatoka. Mama nimemweleza yote. Hakuanguka. Alikaa chini akavua viatu, akauliza tarehe ya kurudi kwa daktari.

Ningependa niishie hapo. Lakini mashine yako ina mtu mwingine tayari, kijana wa kwetu, amefika juzi tu kutoka Bukavu, na Mathias bado anakwenda kwa sababu ana watoto. Na hapa nyumbani Elie akikohoa, hata kikohozi kidogo cha mafua, Mama anaacha chungu, mimi naacha nilichoshika, tunasikiliza mpaka kimalizike. Yeye anatuona. Siku hizi anatoka nje kukohoa.

Nimezungumza na mke wa Mathias, naye amezungumza na wake wa mafundi wengine. Tutakwenda karakana wanawake wote, na hatutaondoka mpaka mpira ule ushushwe na maji yapite. Na Elie nitampeleka kila mara daktari anapomtaka, hata akikataa, hata ikibidi nimvute mkono barabarani.

Pumzika, Papa. Na usimngoje Elie. Nitamshikilia huku.

Binti yako,
Furaha