Sina Salamu za Bibi Safari Hii

Ukonga,
Dar es Salaam.
25 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Benjamin,

Habari za siku nyingi? Habari za masomo, za baridi ya huko Algeria, na za yule mwenzako wa chumbani anayekoroma? Natumaini mafua yamekwisha na kwamba unakula. Kwenye picha uliyotuma mwezi wa kwanza shingo ilikuwa imebaki ya kuku wa kienyeji.

Hapa ndipo mtu huandika kwamba sisi huku sote ni wazima wa afya, wasiwasi ni juu yako tu. Nimeiandika sentensi hiyo na kuchana karatasi, nikaiandika tena na kuchana tena. Sisi huku si sote, Ben. Kama Theonest aliyekuletea barua hii bado yupo hapo, mwambie akae. Nimemwomba asikupe njiani, akupe ukiwa chumbani kwako, na asiondoke mpaka umalize kusoma.

Bibi yetu amefariki. Alifariki tarehe ishirini na nne Februari, hospitalini, kwa kile kifua chake, akazikwa hapahapa Ukonga. Mimi mwenyewe sikuwepo. Ujumbe unaoupata tangu siku hiyo kwenye namba ya Bibi si wake. Mjomba Fransis ameamua usiambiwe mpaka umalize mitihani yako ya Mei, na mimi nimeamua vingine. Lia kwanza, mdogo wangu. Mengine nitakueleza taratibu, barua haikimbii.

Nianze na kazi yangu, kwa sababu mambo yote yamepitia humo. Unajua nilianza Januari kwenye ile kampuni ya ukaguzi wa hesabu, kule mjini, ghorofani. Asubuhi ya kwanza Bibi aliamka kabla ya jogoo, akaninyooshea blauzi kwa pasi ya mkaa na umeme upo, eti pasi ya umeme inaidanganya nguo. Kwenye jumuiya aliwatangazia wote kwamba mjukuu wake sasa ni mkaguzi, hata mama Shamimu akaja kuniuliza kama nitapita kukagua shule ya mwanawe. Nilipopewa kompyuta ya ofisi nikaja nayo nyumbani, Bibi aliipapasa kifuniko akacheka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Jembe lako ndo hilo, usije ukalidondosha."

Sikumaliza hata miezi miwili nikapangiwa safari ya kwanza. Na katika nchi nzima hii nikapelekwa wapi? Masasi, kwao Bibi! Mteja wetu ana maghala ya korosho huko, na sisi wapya tulikwenda kuhesabu magunia. Bibi aliposikia alishika mwimo wa mlango akacheza, na kifua hichohicho. Akaniambia nikifika nisiseme mimi mgeni, niulize kama wanamkumbuka Bernadeta binti wa mpiga kengele. Akaniagiza mabibo makavu. Nikamuuliza atayatafuna kwa meno gani. Akasema meno yake aliyaacha kulekule Masasi, niyaokote nimletee na yenyewe.

Kiongozi wa msafara wetu alikuwa dada mmoja anaitwa Hayat, mtu wa maneno machache, mkali kama pilipili kichaa. Sheria yake ni moja: "Usiniletee ulichoambiwa. Niletee ulichokiona." Siku moja mtunza ghala aliniapia kwa Mungu kwamba safu ya nyuma ni sawasawa na ya mbele. Nilikuwa nimechoka, jasho na vumbi vimenigeuka tope mwilini, na mzee wa watu alionekana mkweli. Hata hivyo nilipanda juu ya magunia na bambo mkononi, kile chuma cha kuchomea gunia ili kuona kilichomo, nikachoma mpaka ukutani. Mzee alikuwa mkweli. Hayat aliniambia nimefanya vyema kupanda, na maneno hayo niliyabeba kama zawadi.

Sasa sikiliza. Bibi hakujua kuandika, na Lulu msusi, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, ndiye aliyekuwa mkono wake kwenye simu. Bibi anasema, Lulu anaandika. Mimi na wewe tumezoea hivyo miaka yote. Kwa hiyo Lulu alipoendelea kuandika, nani angejua?

Wiki ya pili kule Masasi ilikuwa mbaya. Hayat alinirudishia kazi yangu yote akasema nianze upya, nikajifungia bafuni pale gesti nikalia. Nilimwandikia Bibi kwamba huenda kazi hii si yangu. Jibu likaja: "Usilie mjukuu wangu. Hata mie maandazi yangu ya kwanza niliyaunguza yote, na watu wakala mengine kesho yake. Nimekunywa uji, nimelala vizuri. Fanya kazi ya watu." Nilinawa uso nikarudi mezani. Ben, ujumbe ule ulininyanyua kuliko kitu chochote mwaka huu, na siku ule ujumbe unafika Bibi alikuwa ameshazikwa.

Nilipiga simu pia, usidhani sikupiga. Lulu akapokea akasema Bibi amelala. Nikapiga tena, akasema Bibi yuko jumuiya. Nikaridhika. Magunia ya watu niliyapanda nikayachoma mpaka la mwisho, Bibi yangu nilimkubali kwa kuambiwa.

Nilirudi siku ya Jumamosi, furushi la mabibo begani. Nilipoingia uani nikaona mchanga umefagiwa vizuri mno. Halafu nikaona mashimo ya nguzo za turubai, manne, yamefukiwa lakini udongo wake bado mbichi. Nikaona mafiga makubwa meusi kando ya choo, ya masufuria ambayo sisi hatuna. Lulu alitoka, akaniona, akakimbilia ndani na kanga mdomoni. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Hata hivyo niliita, "Bibi! Nimerudi!" Sijui niliita kwa nini.

Mjomba alikuwa kibarazani. "Monica," akasema, "kaa chini mwanangu." Nilikaa palepale mchangani na furushi langu.

Nilimwambia Mjomba maneno ambayo mpwa hamwambii mjomba wake, wala siyaandiki hapa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Mie baba yangu alipokufa waliniambia asubuhi ya mtihani wa fomu foo. Nikaingia, nikaandika jina langu, nikatoka. Maisha yangu mengine unayaona mwenyewe. Ulikuwa hujamaliza miezi miwili kazini, Monica. Hilo donge nilimeza mie, sikutaka na wewe ulimeze." Unajua mpaka leo analinda geti la watu kule Goba, na ile akili yote aliyonayo. Nilijaribu kumchukia, nikashindwa. Lakini kumsamehe nako bado, nisikudanganye.

Jumatatu nilikwenda kazini, kwa sababu bado niko kwenye majaribio na sikujua mtu anaombaje ruhusa ya msiba ulioisha. Hayat aliniuliza jambo dogo la hesabu, machozi yakatangulia jibu. Nilipomweleza akasema inna lillahi, akafunga kompyuta yake. Halafu akaniuliza swali moja tu: "Kaburi umeliona?" Nikasema hapana. "Basi nenda kalione. Hapa nitasema mimi."

Nimeliona, Ben. Liko upande wa chini, karibu na ukuta, udongo bado umetuna juu haujakaa. Msalaba ni wa mbao, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe, na mashada yameshakauka. Nilikaa nikamhadithia safari nzima. Nilimwambia kwamba Masasi nilimpata mama mmoja sokoni anayemkumbuka mpiga kengele, na kwamba alikataa kupokea hela ya mabibo aliposikia mimi ni kitukuu cha nani. Hiyo ndiyo habari niliyokuwa nimemwekea Bibi kuliko zote. Niliimaliza, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna atakayecheka.

Jioni hiyo Mjomba akaniletea simu ya Bibi. Alisema Lulu ameshindwa, kila akiandika analia, na mimi ndiye msomi, nitajua cha kukujibu mpaka Mei. Ulikuwa umeuliza kama kifua cha Bibi kimepoa. Nikaandika: "Kimepoa, mjukuu wangu. Wewe soma." Nilipokwisha kutuma nikawa kama mtu aliyesaini ghala ambalo hakupanda. Sijakujibu tena. Ndiyo maana wiki hizi mbili ukaona kimya, ukaanza kuniuliza mimi, nami nikawa nakwepa.

Mjomba anaogopa usije ukafeli. Hofu yake ina sababu, siidharau. Mimi naogopa siku utakayoshuka uwanja wa ndege na cheti mkononi, na ile shali uliyomnunulia Bibi ndani ya begi, kisha uingie uani ukiita. Najua uzito wa zawadi isiyo na mwenyewe. Sitaki uubebe.

Mitihani ni yako. Ukiona unaweza, ifanye, na Bibi angetaka hivyo, hilo halina ubishi. Ukiona huwezi, kamwambie mwalimu wako ukweli. Usije ukaingia ukaandika jina tu, ukatoka. Kuja sasa haiwezekani, wala hakuna atakayekulaumu.

Arobaini ni Jumamosi tarehe tano Aprili. Padri hatakuja, wanajumuiya watasali hapahapa uani saa nne asubuhi. Nitakupigia kwa video, na sala moja utaisoma wewe, kwa sauti, watu wote wakusikie. Mjomba bado hajui. Theonest akishapaa ndipo nitamwambia, ili asipate mwanya wa kuizuia barua. Atanifokea, kisha ataona haya mbele ya Bibi na atakaa nasi kwenye mkeka. Namjua.

Nimekuandikia kwa kalamu, wala si kwa simu, ili uuone mwandiko wangu unaoufahamu tangu nilipokuwa nakufunikia madaftari ya darasa la kwanza. Theonest ana pakiti ya mabibo pia. Nusu yako. Nusu nyingine ipo kabatini kwa Bibi, sijajua niifanye nini.

Sasa chukua simu yako, fungua ujumbe wa Bibi, rudi nyuma mpaka Ijumaa ya tarehe ishirini na moja Februari. Utaona umeandikwa: "Benja, vaa soksi mbili. Na usioe huko mpaka nimwone kwa macho yangu." Huo ni wake. Lulu ameniapia, naye nimemkazia macho mpaka nikaamini. Bibi aliusema akiwa amekaa kitandani, akacheka mwenyewe hadi akakohoa, na usiku huo ndipo walipompeleka hospitali. Hapo ndipo Bibi alipoishia. Kuanzia hapo kushuka chini ni Lulu, na mmoja wa mwisho ni mimi. Usiufute hata mmoja. Lulu aliuandika akilia, na aliuandika vizuri, maskini, kama mtu aliyemsikiliza Bibi kweli.

Lulu anakusalimu na anaomba umpigie, hata kama ni kumgombeza. Mama Shamimu anakusalimu, na wanajumuiya wote wanakuombea. Mjomba hajui kwamba naandika, lakini pokea na salamu zake, kwa sababu anakupenda, na kila jioni akija huuliza kama umeandika.

Mwisho wa kila ujumbe ninaokutumia huwa naweka kwamba Bibi anakusalimu sana. Nimeitafuta namna nyingine ya kumalizia barua hii, sijaipata.

Mungu aliyempokea Bibi akushike mkono huko ulipo, akurudishe kwetu mzima. Vaa soksi mbili.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na nisiyekuficha tena,

Monica