Serumu ya Tatu

Jumatatu, 4 Machi

“Uvimbe wa titi ni karuho, na kisu cha daktari kinaukasirisha tu.” Wilondja alisema hivyo jana mbele ya kanisa zima. Kaka yake mke wangu. Mzee wa kanisa, mtu aliyesoma.

Upuuzi. Karuho, hiyo sumu ya polepole ambayo kila mgonjwa hapa Baraka eti amelishwa na jirani, hakuna aliyewahi kuiona. Uvimbe umeonekana. Kipande chake kilikatwa Bukavu, kikapimwa, kikapewa jina. Kansa. Na sumu gani inachagua titi la kushoto na kuliacha la kulia?

Leo kama jana. Uji, beseni, kitambaa cha maji. Mke wangu, Mama Riziki, ametapika mara nne. Nywele zimebaki kwenye mto. Serumu mbili za dawa ya kansa, kati ya sita, zimeingia mshipani, na daktari wa Bukavu alipopima alisema uvimbe umeanza kupungua, na baada ya ya sita ataukata. Ya tatu ni tarehe 20. Asikose, alisema.

Jumamosi, 9 Machi

Redioni, saa yangu ya kila juma. Nilimwalika Wilondja, akaja na Biblia. Nilimuuliza nani alimwekea dada yake sumu, siku gani, katika chakula gani. Akafungua Biblia. Nikamuuliza tena, polepole, ili hata walio mbali, Lubondja, wasikie. Akatoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Sokoni watu walinishika mkono. Muuza mafuta mmoja alisema, “Mwalimu, ule muzee umemumaliza.”

Nilifurahi. Naandika ukweli: nilifurahi sana.

Mama Riziki alisikiliza akiwa kitandani. Nilipoingia alikuwa amegeukia ukuta.

Jumatatu, 18 Machi

Nimerudi kutoka shuleni. Kitanda kitupu.

Wilondja alikuja na pirogi, mtumbwi wa injini, saa nne asubuhi. Amempeleka ng'ambo ya maji, Ubwari, kwa mganga anayetapisha karuho. Jirani anasema hakubebwa. Alitembea mwenyewe mpaka majini, kitenge kichwani. Kesho alfajiri tulipaswa kupanda gari la Uvira, kisha Bukavu. Mfuko niliufunga jana. Uko hapa mlangoni.

Nina hasira. Kesho navuka kumrudisha.

Jumanne, 19 Machi

Ziwa limechafuka. Nilimtukana mwendesha pirogi aliyekataa kuvuka, akaendelea kufunga kamba zake. “Mwalimu, huu upepo hausikilize redio yako.” Wenzake walicheka. Nilikaa ufukweni mpaka jioni.

Jumatano, 20 Machi

Upepo. Siku ya serumu imepita.

Alhamisi, 21 Machi

Nimempata. Nyumba ya majani nyuma ya makaushio ya dagaa. Siku tatu za mizizi ya kutapisha. Midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Mganga alinionyesha beseni: kipande cheusi cha nyama, karuho yenyewe, ati imetoka. Nilikigeuza kwa kijiti. Utumbo wa samaki. Nimekulia kando ya ziwa hili, siwezi kukosea utumbo wa samaki. Nikamwambia hivyo, kwa sauti, na Wilondja akatazama chini.

Nikadhani nimeshinda tena.

Ndani ya pirogi, tukirudi, mke wangu alinena mara moja tu.

“Mi nilikuambiaka, Papa Riziki. Wakati tulikuwa tunavuna mihogo. Nilikuambia kuko kitu kigumu mu titi. Ukasema, ngoja nimalize kuandika. Nikangoja. Wilondja alidanganya, najua. Lakini yeye aliniuliza inauma wapi.”

Mihogo tulivuna Juni. Bukavu tulifika Januari.

Nakumbuka nilichokuwa naandika: barua. Ilikuwa dhidi ya msimamizi wa shule. Maneno yake nayakumbuka yote. Ya mke wangu siyakumbuki hata moja.

Jumatano, 27 Machi

Bukavu. Daktari amekataa kumtundikia serumu. Mizizi imemkausha, figo zimechoka. Kwanza maji, kwanza damu. Amepima uvimbe kwa rula yake. Umerudi kama mwanzo, na zaidi kidogo. Nilifungua mdomo nimlaumu mganga. Nikaufunga.

Jumatano, 3 Aprili

Serumu ya tatu imeingia. Imechukua saa tano nzima, tone kwa tone. Nimemshika mkono. Nimemuuliza inauma wapi. Alifikiri kwanza, kisha akaniambia: kwapani, kwenye kucha, na nyuma ya meno. Sikujua kwamba meno yanauma.

Ijumaa, 3 Mei

Ya nne iliingia juma lililopita. Uvimbe haujapungua. Daktari haahidi upasuaji. Anasema tumalize sita, ndipo atazame tena. Kucha zake zimekuwa nyeusi. Leo Wilondja alileta mgebuka mbichi, samaki wa ziwa letu, akausafisha mwenyewe nyuma ya nyumba. Mimi nilimshikia beseni. Dada yake alikula vijiko vitatu vya mchuzi, ukabaki tumboni.

Kesho ni saa yangu ya redio. Nilikuwa nimeandika kurasa sita juu ya karuho. Nimezichana. Nitasoma haya tu:

Nyinyi wanaume wa Baraka na Ubwari mnaonisikiliza kila Jumamosi, mkisema Mwalimu amemumaliza fulani. Zimeni redio sasa, mimi nikiwa bado nasema. Mwendee mke wako pale alipo, jikoni au shambani. Muulize inauma wapi. Usimjibu. Ngoja amalize.