Orodha Iliyonyamaza

Mwankoko, Singida

Kaka yangu Zefania,

Shikamoo. Habari za Misigiri? Wifi Severina hajambo, na lile jino limeacha kumsumbua? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia, ndiyo maana nimechelewa kuandika.

Unajua ule ukurasa wa kuagizia mbegu za alizeti kwa simu ni mimi niliyepewa kuutengeneza pale ushirika. Meneja wetu, Deo, alitaka kila kitu kiwe cha njano, hata orodha ya kuchagulia kijiji. Nilimweleza kuwa kisanduku cha nje nakipamba nitakavyo, lakini mkulima akikigusa, orodha inayofunguka huchorwa na simu yenyewe. Simu hii hivi, ile vingine, na mimi sina amri juu yake. Akacheka, akauliza kama nyumba naweza kuipaka rangi, mlango unanishindaje.

Nilihangaika wiki nzima. Mwisho nikaiondoa orodha ya simu, nikachora yangu. Ikapendeza kweli. Deo akaita ofisi nzima waje kuiona. Nami nilifurahi, kaka, sikufichi.

Halafu ukanipigia. Ukasema kila ukifika kwenye orodha ya vijiji, simu inayokusomea inanyamaza, na fundi wa Ulemo kasema sauti yake imekufa, ununue nyingine. Ukasema labda ni wewe, tangu macho yazimike hata vidole vimekuwa vijinga. Nikajibu nitaangalia, nikakata.

Barua hii naituma kwenye simu hiyo hiyo ikusomee. Kama unanisikia, basi simu ni nzima, na vidole vyako ni vizima. Kilichokunyamazia ni ile orodha yangu. Nimejaribu kuifundisha iseme. Kwenye simu yangu ikasema, kwenye simu kama yako ikagoma. Nikairudisha ya zamani. Deo alipoiona akasema, "Stumai, wasioona ni wangapi? Weka ile nzuri." Nikamwambia kaka yangu ni mmoja wao. Akanipa pole, kisha akasimama nyuma ya kiti changu mpaka nikaiweka.

Wifi anaweza kukujazia. Najua hutaki, uliniambia kuagiza mbegu ndiyo kazi ya shamba iliyokubakia. Jumatatu nitamwomba Deo tena, ingawa sioni atakachojibu tofauti.

Usinunue simu, kaka. Nisalimie wifi na watoto, Mungu awatunze mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Stumai