Tulikubadilisha kwa Magongo Kumi na Mawili

Mwanaidi shoga yangu,

Tangu uondoke nakuota asubuhi, katika ule usingizi mwepesi baada ya swala. Uwanja wetu wa mpira wa magongo pale Tabata umejaa ukungu, unakimbia pembeni, mpira hauachi gongo lako. Hakuna sauti. Nakuita, hugeuki.

Kuna jambo sikukwambia ukiwa hai. Timu ya Mikocheni ilipokutaka, walisema watatupa magongo kumi na mawili mapya na mchezaji wao mmoja mrefu, Josefina. Sie tulikuwa tunaazimana magongo, mengine tumeyafunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Kocha akatuuliza kikaoni, "Tukubali?" Wewe hukuwepo, ulikuwa unauguza mwanao. Mie nahodha, mie rafiki yako, nikanyoosha mkono wa kwanza. Wengine wakafuata.

Josefina alicheza mechi mbili, akaolewa Mbeya. Magongo yakapasuka moja moja. Nawe ukaja na jezi yao, ukatufunga manne. La nne hukushangilia. Ulinifuata pale nilipoanguka, ukanifuta vumbi mgongoni. "Nahodha, goti linavuja damu. Kaoshe." Kocha kajishika kichwa: "Tulikuwa na akili gani sie?" Tuliomba urudishwe, Mikocheni wakacheka.

Halafu ukaugua. Mara tatu nilikuja Mwananyamala hospitali nimejiandaa kusema, nikaishia kukumenyea chungwa. Mara ya mwisho ulifumba macho, ukasema, "Kule nacheza vizuri, lakini ndotoni nachezaga na nyie." Nikaaga haraka. Sikufika hata getini, nikakaa chini nikalia.

Msibani timu zote mbili tulipika pamoja, na sasa Jumamosi tunafanya mazoezi pamoja. Mwanao anaingia uwanjani na kandambili zake, tunampisha. Ila mama yako bado anamlaumu kocha kwamba alikutoa kama kitu. Hata salamu yake haitikii. Na kocha, maskini, ananisitiri. Hajanitaja hata siku moja.

Mwanaidi, nimechoka kusitiriwa.

Kwaheri, shoga yangu. Huko uliko, cheza upande wowote unaoutaka. Nakuahidi, Ijumaa nakwenda kwa mama yako. Nitampa shikamoo, nitakaa chini mkekani, nitamwambia mkono ulikuwa wangu. Akinifukuza, Ijumaa inayofuata nitarudi.

Wako,
Rehema