Umeme Umeshiba Kupita Kiasi

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mkate umeungua tena! Mama Alphonsine, mwenye duka la mikate, ameniita mbele ya wateja. "Weye Matumaini, ulilala?" Sikulala! Nimetoa mikate saa ileile ya siku zote. Kwa nje makaa, kwa ndani mbichi. Wateja wao wanashangilia umeme. Leo courant iko muzuri sana, wanasema. Taa kweli zinang'aa kama Noeli.

Jumanne, 9 Septemba

Leo nimetoa mapema. Salama, ila mikate migumu kidogo. Taa ya dukani imepasuka — pwaa! — Mama akapiga ishara ya msalaba. Mota ya mashine ya kukanda unga inanguruma kwa hasira. Nimeigusa. Moto! Nimelamba vidole mpaka jioni.

Jumatano, 10 Septemba

Guy, fundi umeme, amekuja na kipimo chake. Tunatakiwa kupata volti 380 hivi. Kipimo kimesema 440! Guy akapima upya, akadhani kipimo kimelewa.

Anasema kiwanda kikubwa cha jirani kimesimama kwa matengenezo. Courant iliyokuwa inaliwa kule haina mlaji, volti zinapanda. Ndiyo maana tanuri letu la umeme linachoma na mota inaungua ndani kwa ndani. Nikamuuliza: mwaka mzima tunalia umeme mdogo, leo mwingi nao ni ugonjwa?

"Maji iko muzuri," akasema. "Kunywa ndoo muzima, tuone."

Anasema mashine ya kukanda isiwashwe mpaka kampuni ya umeme ishushe volti kwenye transfoma. Mama akashika kiuno. Na mikate ya harusi ya Jumamosi? Mota ikifa, hakuna nyingine. Duka litafungwa, na mimi nyumbani.

Alhamisi, 11 Septemba

Urbain wa kampuni amekuja. Akacheka! Batu bote wanalilia courant, weye peke yako unaikataa? Lakini alipoona kipimo, kicheko kikakatika. Watashusha — Jumatatu. Jumatatu! Bibi harusi atakuwa ameshazoea kupika.

Halafu nimemkuta Mama anaifunika mota kitambaa chenye maji, "ipoe." Guy alipiga kelele hadi kuku wa jirani wakakimbia.

Ijumaa, 12 Septemba

Tumekanda kwa mikono tangu asubuhi. Mimi, Guy, na Mama mwenyewe, unga mpaka kwenye nyusi! Anaimba nyimbo za misa, anapiga donge kwa kila aleluya, anacheka. Sikujua anajua kucheka.

Sasa mikono imekufa. Nusu ya unga bado imo kwenye gunia. Mama ameitazama mashine. "Kidogo tu," amesema. "Tuwashe, tuzime."

Guy amepima tena: 436. Amesema hata yeye hajui. Inaweza kumaliza kazi yote. Inaweza kuungua kabla ya donge la kwanza.

Mama akanigeukia. Si Guy — mimi!

"Matumaini, weye ndiye unajua hii mashine. Unasema nini?"

Mwaka wa ngapi huu, na hajawahi kuniuliza kitu! Nimeomba nipige hesabu kidogo. Hesabu yenyewe ndiyo hii ninayoandika, karatasi imejaa donge. Guy ananitazama. Mama amekaa juu ya gunia, ananingoja kama mwanafunzi. Nimesimama. Mkono mmoja uko kwenye swichi, mwingine kwenye kalamu, na bado sijaamua.