Kiboko Ulichonitumia

Kigangoni, Ushirombo,
13 Juni 1954

Mpendwa Kaka Thobias,

Shikamoo. Habari za huko mgodini Geita, na kile kikohozi chako? Sisi tu wazima, ila Mama goti lamsumbua. Karanga tumevuna vizuri.

Mzigo wako Maduhu wa lori ameufikisha. Kaka, nimekasirika, na sitaficha.

Nilipokuandikia wakati wa Pasaka kwamba watoto wa darasa langu dogo wanang'atana na kwamba fimbo nimeiacha, sikuomba kiboko. Nilitaka unipe moyo tu. Fimbo niliitumia miaka miwili: walijikojolea, wakasahau hata a e i o u. Siku hizi mtoto akimpiga mwenzake hukaa kando yangu akimenya karanga mpaka hasira imwishe, kisha humpelekea mwenzake azile. Wazazi wananicheka eti nafundisha ulafi. Mwalimu mkuu naye anasema nawalea kama mayai. Nimechoka kujieleza.

Salvina wako ndiye aliyenitia nguvu. Ulipomzika mkeo ukaondoka, ulimwacha hajaota hata jino. Mwaka jana alipoanza shule alikuwa hasemi neno. Nikampa kazi ya kugawa karanga za kuhesabia. Kufika Mei alikuwa akihesabu kwa sauti, tena akiwasahihisha wakubwa wake!

Sasa sikiliza ulichofanya. Aliposikia mzigo umetoka kwa baba, alirukaruka uani kote, akaufungua mwenyewe. Mama hajui kusoma, nami kama kawaida nikamsomea barua yako kwa sauti bila kuipitia kwanza. Kosa hilo ni langu. Nikafika pale ulipoandika, "Uanze na Salvina, wengine wasiseme unapendelea." Kiboko alikuwa amekishika yeye.

Leo ni siku ya tisa hataki kuja darasani. Nikimwita anajificha nyuma ya ghala. Kiboko chako nimemrudishia Maduhu, utakipokea pamoja na barua hii.

Msalimie Kalisti na mkewe Euphrasia. Mama anakuombea kila jioni. Mungu akulinde huko chini ya ardhi.

Nilitaka kuishia hapo, lakini moyo umekataa. Jana Salvina aliniuliza: "Shangazi, baba alinikasirikia lini? Hata hajaniona." Njoo umjibu mwenyewe.

Dada yako akupendaye, hata leo,
Anisia